Mguu Unaotangulia Chini: Kisa cha Mwendesha Bodaboda Aliyerudi Kazini Baada ya Upasuaji wa Mgongo

Usuli

Kisa hiki kinamhusu mwendesha bodaboda wa Mombasa, mwanamume aliye katika miaka ya 30, aliyefanyiwa upasuaji wa diski ya kiuno, yaani mto laini ulio kati ya pingili (mifupa) za mgongo, na kurudi kazini mara mbili: mara ya kwanza kwa mpango ambao sisi wa tiba ya viungo tuliuona umekamilika, na mara ya pili kwa mpango uliozaliwa na kushindwa kwa ule wa kwanza. Mwenyewe ameridhia kiandikwe. Umri wake kamili, steji yake, hospitali alikopasuliwa na kliniki alikohudumiwa vimeachwa kwa makusudi. Njia za mji zilizotajwa ni zile ambazo kila mwendesha bodaboda wa hapa huzipita.

Kwa miaka 9 alikuwa akiendesha pikipiki ya tajiri, akimpelekea hesabu ya shilingi 400 kila jioni na kubaki na kinachozidi baada ya mafuta. Siku nyingi alianzia soko la Kongowea alfajiri na magunia ya viazi na vitunguu, mchana akabeba mitungi ya gesi, jioni akabeba abiria kuvuka daraja la Nyali au kuelekea feri ya Likoni. Maumivu yalianza kama uchovu wa kiuno, yakashuka kwenye kalio la kushoto, kisha yakaufuata mguu mpaka kwenye dole gumba. Alikandwa, akaumikwa, akadungwa sindano za duka la dawa. Alipopigwa picha ya eksirei akaambiwa mgongo wake ni mzima, na kwa maana finyu aliambiwa kweli, kwa sababu eksirei huonyesha mifupa wala haionyeshi diski. Picha ya emarai (MRI) ndiyo iliyoonyesha kwamba diski iliyo kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno ilikuwa imepasuka ganda, na kipande chake kilichotokeza kilikuwa kikiubana mzizi wa neva wa upande wa kushoto.

Watu wengi wenye tatizo la namna hii hupona bila kisu katika wiki au miezi michache, na daktari wa upasuaji alimweleza hivyo. Kilichobadilisha uamuzi ni udhaifu. Katika kipimo cha nguvu za misuli cha 0 hadi 5, dole gumba na wayo wa kushoto vilikuwa na nguvu ya 3 kwenye kunyanyuka, na wiki tatu nyuma vilikuwa na 4. Neva inayoendelea kupoteza kazi si jambo la kungojea. Familia na wenzake wa steji walichanga, akapasuliwa, kipande cha diski kikatolewa kupitia mkato mdogo, bila vyuma wala kuunganishwa pingili.

Wiki sita za mwanzo

Alitoka wodini siku ya pili. Alipozinduka baada ya upasuaji, maumivu ya mguu yalikuwa yamekwisha karibu yote, jambo ambalo ni la kawaida na ambalo lina hatari yake, kwa kuwa mgonjwa hudhani kazi imekwisha. Karatasi yake ya kuruhusiwa ilikuwa na sentensi moja kuhusu pikipiki: asipande kwa miezi mitatu. Haikueleza sababu, wala haikusema lolote kuhusu mguu wa kushoto, ambao ulikuwa bado dhaifu.

Tulimwanzishia kutembea, dakika 5 mara nne kwa siku, baada ya alasiri jua linapopungua makali, juu ya lami na si juu ya mchanga wa pwani, ambao humlazimisha mtu kujipinda kila hatua. Kufikia wiki ya sita alikuwa akitembea dakika 40 mfululizo. Kuinama, kujizungusha kiuno na kubeba chochote kinachozidi ndoo ndogo ya maji vilisimamishwa. Swala ikatupa kipimo ambacho hakimo katika hojaji yoyote. Tulikubaliana aswali juu ya kiti kwa wiki sita, ruhusa ambayo dini inampa mgonjwa, kisha arudishe rukuu kwanza na sijida baadaye. Kila alipokuja tulimuuliza amefika wapi katika swala, na jibu lake lilitueleza hali ya kiuno na nyonga kuliko namba alizotutajia.

Siku ya nane mamake alimleta mkandaji nyumbani. Hatukuona busara kumgombeza mzazi aliyekesha na mwanawe miezi mitatu. Tulimweleza kwa simu, kwa heshima anayostahili, kwamba kidonda kilikuwa bado na nyuzi na kwamba mikono haikupaswa kufika kiunoni, lakini mabega na misuli ya nyuma ya miguu ingeweza kukandwa taratibu kwa mafuta. Mama alikubali, mkandaji akalipwa, na mgongo ukaachwa.

Kulikuwa pia na mkanda wa mgongo alioununua kwa jirani. Katika joto la mji huu aliuvaa kutwa na kupata upele wa jasho kando ya kidonda. Tulimshauri auvue. Mkanda unaweza kumpa mtu utulivu wa moyo kwa safari fupi, lakini hauizuii diski kutokeza tena, na kwa mtu huyu ulikuwa umeanza kuwa sababu ya kujiamini kupita kiasi.

Wiki ya tano alipanda pikipiki kama abiria, kutoka kliniki hadi kwake, bila kutuambia. Alidhani kwamba marufuku ilikuwa ya kuendesha. Matuta mawili yalimtosha, na maumivu ya kiuno yakamshika siku mbili. Abiria hukaa karibu na gurudumu la nyuma, ambako kurushwa juu ni kukubwa zaidi, na halioni tuta mapema apate kujiandaa kwa miguu na mikono. Kwa mgongo uliotoka kupasuliwa, kiti cha nyuma ni kibaya kuliko cha mbele.

Uamuzi wa kuiacha tarehe

Ile miezi mitatu ya kwenye karatasi hatukuifuta, ila tulikataa kuifanya ndiyo ruhusa. Tarehe moja haifai migongo yote: aliyetolewa kipande cha diski hana hali moja na aliyefungwa pingili kwa vyuma, ambaye mfupa wake huhitaji miezi mingi kushikana. Na hata kati ya waliofanyiwa upasuaji wa aina moja, mmoja huwa na mguu mzima na mwingine mguu unaoburuta.

Tuliweka masharti ya utendaji. Awe na uwezo wa kukaa kwenye benchi lisilo na mgongo dakika 45 bila maumivu kushuka mguuni. Atembee hatua kumi kwa visigino, vidole vikiwa juu. Asimame kwa mguu mmoja na kuinua kisigino, kila upande. Awe ameacha dawa ya maumivu ya neva, aina ya pregabalin, aliyokuwa akiinywa usiku. Dawa hiyo huleta usingizi na kizunguzungu, na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba haichanganyiki na usukani. Daktari wake aliipunguza hatua kwa hatua, kwa kuwa haifai kukatwa ghafla.

Hofu yetu kuu wakati huo ilikuwa mtikisiko. Mgongo wa mtu aliyekaa huitikia zaidi mitikisiko ya polepole, ya mara 4 hadi 6 kwa sekunde. Mngurumo wa injini ni wa kasi kubwa kuliko huo, kwa hiyo kinachoutesa mgongo ni mashimo na matuta. Ndiyo maana tulitumia muda mwingi kuzungumza barabara zipi zina lami nzima.

Katika sharti la visigino tulilegeza. Mguu wa kushoto ulikuwa umefikia nguvu ya 4, na hatua zake za kisigino zilikuwa fupi, wayo ukishuka mapema kuliko wa kulia. Tukajadiliana. Pikipiki yake ina pedali ya gia yenye ncha mbili, ambayo hukanyagwa kwa vidole mbele na kwa kisigino nyuma, kwa hiyo dereva halazimiki kuinua wayo hata mara moja. Tuliona kwamba udhaifu wa kuinua wayo hautamzuia kuendesha, na hoja hiyo ilikuwa sahihi kabisa kwa pikipiki inayokwenda.

Jaribio la uani

Wiki ya kumi tulimwomba aje na pikipiki kliniki, akiwa amepakiwa kwenye tuktuk na ndugu yake akiiendesha pikipiki. Injini ikiwa imezimwa, alipanda na kushuka, akabadili gia, akakanyaga breki, akaisukuma kwa nyuma mita kumi, akaiweka kwenye stendi ya pembeni. Stendi ya kati tuliikataza, kwa sababu kuipandisha pikipiki juu yake ni kuvuta uzito mkubwa mtu akiwa ameinama na kujipinda. Kiki tuliikataza pia, kwa kuwa alikuwa na stata ya kubonyeza. Kisha aliendesha mizunguko kumi ndani ya ua wa sakafu ya saruji, peke yake, akasimama kwa breki ya ghafla mara tatu. Hakulalamika maumivu yoyote na tukafurahi.

Tajiri alikuwa amekuja pia, na huo ulikuwa uamuzi bora kuliko yote tuliyofanya siku ile. Alipoona mwenyewe jinsi dereva wake alivyoinamia usukani, alikubali kugharamia matengenezo: usukani ukageuzwa kuelekea nyuma ili mgongo usimame, kiti kikatiwa sponji mpya na fundi wa viti, springi za nyuma zikalegezwa daraja moja, na upepo wa matairi ukapimwa badala ya kukisiwa kwa kidole gumba. Pia alipunguza hesabu hadi shilingi 200 kwa miezi miwili.

Kurudi kwa mara ya kwanza

Wiki ya kumi na mbili alianza. Makubaliano yalikuwa kazi ya muda wa saa mbili kila asubuhi, abiria mmoja, bila mzigo, barabara za lami, mchana tu. Abiria mmoja ndivyo sheria ya trafiki isemavyo, ingawa mishikaki ya watu watatu ni jambo la kila siku mjini. Wiki mbili alitupa taarifa nzuri.

Baadaye tulijua kwamba tangu siku ya nne alikuwa akifanya saa tano, na siku nyingine saba. Ni mamake aliyetuambia, tena bila nia ya kumchongea, akidhani kwamba tunajua. Msaada wa chama cha steji ulikuwa umekwisha baada ya mwezi wa kwanza, na saa mbili za asubuhi hazikutosha hesabu, mafuta na unga. Tulikuwa tumempimia saa za mtu mwenye mshahara.

Foleni ya feri

Wiki ya kumi na nne, asubuhi ya mvua, alikuwa akimpeleka mama mmoja feri, upande wa kisiwani. Abiria alikaa kwa upande, miguu yote kushoto, kikapu mapajani. Kwenye mteremko wa kuelekea kivukoni foleni ilisimama ghafla. Alikanyaga breki ya nyuma kwa mguu wa kulia na kushusha wa kushoto, kama alivyofanya kwa miaka 9. Alikuwa amevaa ndara. Vidole havikunyanyuka vya kutosha, ncha ya ndara ikakwama, kifundo kikakunjika, na pikipiki ikaanza kulala upande uleule alioelemea abiria. Badala ya kuiacha ilale, aliizuia kwa mikono na kiuno. Abiria aliruka akasimama kwa miguu yake, akachubuka kiwiko. Pikipiki ilianguka vilevile.

Usiku maumivu ya kiuno yalimnyima usingizi. Asubuhi alikuja, na kabla hatujamuuliza alianza kujibu: mkojo unatoka vizuri, choo ni kama kawaida, hana ganzi sehemu za siri wala katikati ya mapaja, miguu haijalegea. Dalili hizo tulikuwa tumemkaririsha tangu wiki ya kwanza, tukimwambia kwamba ikitokea hata moja aende hospitali saa ileile, hata kama ni usiku wa manane. Uchunguzi ulionyesha misuli ya kiuno iliyokaza, mguu ulionyanyuliwa ukiwa umenyooka bila kuleta maumivu ya kushuka, na nguvu za wayo zilezile za 4.

Tulizungumza na daktari wake na kuamua kutorudia emarai siku hiyo. Bila dalili mpya ya neva, picha isingebadilisha tiba, na katika mgongo uliopasuliwa karibuni kovu na diski mpya hufanana mpaka mgonjwa adungwe dawa ya kutofautisha, ambayo ni gharama nyingine juu ya gharama. Tulimpa siku saba za kutembea tu, tukimwona siku ya pili na ya saba. Maumivu yalipungua nusu kufikia siku ya tano.

Mpango wa pili

Safari hii tuliuanza kwa kumwomba atuonyeshe jinsi anavyosimama. Mambo tuliyopaswa kuyaona uani yalijitokeza kwa dakika chache. Breki ya nyuma iko mguu wa kulia, kwa hiyo anayeitegemea hulazimika kushusha wa kushoto, na kwake huo ndio mguu mgonjwa. Tena, kwa kuwa nchini tunaendesha kushoto na barabara huinuka katikati ili maji yamwagike kandoni, ardhi ya upande wa kushoto wa dereva huwa chini kidogo kuliko ya upande wa kulia. Mguu dhaifu ulikuwa ukipewa safari ndefu zaidi.

Kwa hiyo tulimfundisha kusimama upya: kupunguza mwendo kwa breki zote mbili mapema, kumalizia kwa breki ya mbele ya mkono wa kulia, na kushusha mguu wa kulia. Linaonekana jambo dogo, lakini mazoea ya miaka 9 hayabadiliki kwa maelezo. Alifanya mazoezi hayo siku kumi, kwanza uani, halafu kwenye mteremko wa njia isiyo na magari, halafu na magunia mawili ya mchanga yaliyofungwa kiti cha nyuma, jumla ya kilo 60, huku watu wawili wakisimama kando. Mara ishirini za mwanzo mguu wa kushoto ulishuka bila yeye kutaka mara tisa. Hatukumruhusu kubeba mtu mpaka alipofanya mara hamsini bila kukosea.

Wayo wenyewe ulipewa kazi yake. Alikata ukanda wa tyubu ya baiskeli, akaufunga kwenye mguu wa kitanda na kuuvuta kwa wayo, mizunguko mitatu ya kumi na tano, asubuhi na jioni. Ndara ziliachwa, akavaa viatu vilivyofunika kifundo. Na jambo ambalo alilipinga kuliko yote ni agizo la kuiacha pikipiki ilale ikianza kulala. Alisema kwamba pikipiki ikilala tajiri hukasirika. Tulimpigia tajiri mbele yake, naye akasema kioo na indiketa vinauzwa dukani.

Kuhusu saa, tuliacha kumwekea idadi, tukamuuliza anahitaji shilingi ngapi kwa siku asilale na deni. Kwa hesabu hiyo ilionekana saa sita ndizo za chini kabisa. Tulizigawa mara tatu, saa mbili mbili, katikati akipumzika kwa kulala chali nusu saa. Mizigo aliwaachia wenzake wa steji, nao wakamwachia abiria wa karibu.

Matokeo

Alirudi kazini mwanzoni mwa mwezi wa tano baada ya upasuaji. Kipimo cha Oswestry, ambacho huhesabu jinsi maumivu ya kiuno yanavyomzuia mtu katika shughuli zake kutoka 0 hadi 100, kilikuwa 58 kabla ya upasuaji, 22 wiki ya kumi na mbili, na 14 mwezi wa tisa. Nguvu ya kuinua wayo imepanda kidogo juu ya 4 na pengine itaishia hapo. Sehemu ya juu ya wayo bado ina ganzi. Anasujudu bila kushika kitu. Mapato yake yako chini ya yale ya zamani, kwa sababu gunia na mtungi wa gesi hulipa kuliko abiria. Hajaanguka tena.

Uchambuzi

Kosa letu kubwa halikuwa uzembe, na ndiyo maana linastahili kuchunguzwa. Tulipima kwa bidii, ila tulipima kuendesha, na kuendesha ndiyo sehemu ya kazi hii inayomsaidia mtu mwenye mguu dhaifu: pikipiki ikiwa mwendoni hujishika yenyewe. Uzito wake humrudia dereva inaposimama. Bodaboda wa Mombasa husimama mara nyingi ajabu kwa siku, kwenye matuta, kwenye foleni za daraja na feri, na kila abiria anapopanda na kushuka. Hakuna swali katika hojaji ya Oswestry linalogusa hilo. Ua wetu wa saruji, ulio sawa kama meza na usio na abiria, ulikuwa mahali pabaya kuliko pote pa kulijaribu.

Hoja ya pedali ya gia inanisumbua zaidi. Tuligundua udhaifu, tukaufikiria, kisha tukaupatia sababu ya kutojali. Laiti tungeuliza mguu huo una kazi gani nyingine juu ya pikipiki mbali na gia, mgonjwa mwenyewe angetujibu kabla hatujamaliza swali.

Masharti ya utendaji nayaona yalikuwa bora kuliko tarehe, hata kama moja lililegezwa. Kumwita tajiri kuliokoa mambo mawili ambayo ushauri mtupu usingeyaokoa, yaani matengenezo ya pikipiki na hofu ya kuiangusha. Kumkaririsha dalili za hatari kulitupa asubuhi ile ya wiki ya kumi na nne taarifa ambayo ilituwezesha kuamua bila picha. Nakiri kwamba uamuzi huo ulikuwa na bahati ndani yake: diski ingeweza kutokeza tena na kuchelewa kutoa dalili, na ndiyo maana miadi ya siku ya pili haikuwa ya hiari.

Suala la tuktuk liliibuka mara mbili. Gari la magurudumu matatu halimhitaji dereva ashushe mguu, na kwa mwili wake lingefaa zaidi, ingawa mashimo hulitikisa vilevile. Lakini tajiri wake ana pikipiki tu, na mtaji wa tuktuk ni wa mbali kwa mtu anayelipa deni la hospitali. Ameanza kuweka akiba ndogo katika chama cha steji kwa ajili hiyo.

Katika miadi ya mwezi wa tisa tulimwomba avue viatu ili tupime wayo. Soli ya kiatu cha kulia ilikuwa imelika ncha na ukingo wa nje. Ya kushoto ilikuwa bado na meno yake.